Je, Mota Imeungua Kweli? Matunzo na Matengenezo ya Mota za Vyerehani vya Zamani

"Imeungua." Hilo ndilo neno linalosikika mara nyingi zaidi pale cherehani cha umeme kinapopelekwa kwa fundi. Mota haizunguki, au inazunguka kwa kukokota, au inatoa cheche na harufu ya moto. Mwenye nacho hukata shauri kwamba nyaya za ndani zimekwisha kuungua na kwamba dawa ni kununua mota nyingine. Kwa mota za bei nafuu za siku hizi huenda shauri hilo likafaa. Lakini kwa cherehani cha zamani, kilichotengenezwa kati ya miaka ya 1920 na 1960, mara nyingi shauri hilo hukosea. Nyaya za shaba zilizosukwa ndani ya mota hizo ndizo sehemu inayodumu kuliko zote. Vinavyokwisha ni vitu vingine vidogo: vipande viwili vya kaboni, grisi iliyokauka, na mpira unaofunika waya. Viwili vya kwanza huleta hasara ya kazi. Cha tatu huweza kuua.

Jambo hili si dogo kwa mshonaji. Cherehani ndicho shamba lake, na mota ikikoma kuzunguka wiki mbili kabla ya shule kufunguliwa mwezi wa Januari, sare alizopokea fedha zake hazitakamilika. Kwa mwalimu wa fizikia pia mota ya namna hii ina thamani, kwa maana ni vigumu kupata chombo kingine kidogo kama hicho ambacho ndani yake sumaku, ukinzani, msuguano na joto vinaonekana kwa macho na kushikika kwa mkono.

MOTA ISIYOCHAGUA UMEME

Isaac Singer alipata hataza ya cherehani chake nchini Marekani mwaka 1851, na kwa miaka mingi baadaye vyerehani viliendeshwa kwa mkono au kwa miguu. Kampuni ya Singer ilitoa cherehani chake cha kwanza cha umeme mwaka 1889. Kilichochelewesha matumizi yake majumbani ni umeme wenyewe: miji michache ndiyo iliyokuwa nao, na mji mmoja haukulingana na mwingine. Mahali pamoja ulitumika mkondo mnyoofu, yaani umeme unaokwenda upande mmoja daima; mahali pengine ulitumika mkondo geu, yaani umeme unaobadili mwelekeo mara nyingi katika sekunde moja. Kampuni iliyotaka kuuza cherehani kilekile katika nchi nyingi ilihitaji mota isiyochagua. Ndiyo maana katika kibati cha mota nyingi za Singer za wakati huo pameandikwa kwamba inafaa kwa mkondo mnyoofu, au kwa mkondo geu wa mizunguko 25 hadi 75 kwa sekunde.

Vyerehani vingi vya aina hiyo vilivyofika Afrika Mashariki vilitoka katika kiwanda cha Singer cha Kilbowie, mjini Clydebank, huko Scotland, kiwanda kilichofungwa mwaka 1980. Herufi K inayoonekana katika namba kama 15K, 99K na 201K ndiyo alama ya Kilbowie. Vingi vilinunuliwa vikiwa vya miguu, kisha mota ikafungwa nyuma yake baadaye na kuunganishwa na gurudumu la mkono kwa mkanda. Vingine, kama namba 15-91 na 201-2, vina mota iliyofichwa karibu na gurudumu, nayo huzungusha cherehani kwa gia bila mkanda. Cherehani kidogo cha kubebwa, namba 221, kilichoanza kuonyeshwa Chicago mwaka 1933 na chenye uzito wa kilo 5 hivi, kina mota yake ndogo ya kufungwa kando. Kwa umbo mota hizo zinatofautiana, lakini kwa kanuni ni mota moja.

Kanuni hiyo imo katika mpango wa nyaya. Ndani ya mota mna sehemu mbili. Ya kwanza ni stata, ambayo haizunguki: ni chuma kilichozungushiwa koili mbili za waya wa shaba, na umeme ukipita ndani yake chuma hicho huwa sumaku. Ya pili ni rota, iliyo katikati, yenye koili nyingi zilizosukwa juu ya shafti. Waya wenye mkondo ukiwa ndani ya uga wa sumaku, yaani eneo ambalo nguvu ya sumaku inafanya kazi, husukumwa upande. Msukumo huo ndio unaozungusha rota. Sasa basi, koili za stata na koili za rota zimeunganishwa kwa mfuatano, hivyo umeme uleule mmoja hupita kote. Mkondo unapogeuka, sumaku ya stata hugeuka, na wakati huohuo mkondo wa rota nao hugeuka. Vyote viwili vikigeuka pamoja mwelekeo wa msukumo haubadiliki, kama vile katika hesabu hasi mara hasi inavyotoa chanya.

Jambo hili laweza kuonyeshwa darasani bila kutumia umeme wa ukutani. Mota ndogo ya volti 110, ikiwa safi na imefunguliwa mkanda, huweza kugeuka polepole kwa betri mbili za gari zilizounganishwa kwa mfuatano, yaani volti 24. Wanafunzi watazame upande inaozunguka. Kisha nyaya za betri zibadilishwe, chanya iwekwe penye hasi. Wengi watatazamia kwamba mota itarudi nyuma, haitarudi. Tahadhari ndogo inahitajika hapa: mkondo unapokatwa ghafla, koili hutoa mshtuko mfupi wa volti kubwa kuliko za betri, kwa hiyo ncha za waya zisishikwe kwa vidole vitupu.

Ili rota iendelee kuzunguka lazima mkondo ndani ya koili zake ubadilishwe kila zinapopita mbele ya sumaku. Kazi hiyo hufanywa na komuteta, ambayo ni mfano wa bangili ya vipande vya shaba nyekundu vilivyoizunguka shafti, kila kipande kikitengwa na jirani yake kwa ulanga, madini yasiyopitisha umeme. Juu ya komuteta hukaa brashi mbili za kaboni zikisukumwa na springi. Jina la brashi limebaki tangu siku ambazo mota za kwanza zilitumia kweli nyuzi za shaba zilizofungwa pamoja. Nyuzi hizo ziliachwa kwa sababu shaba ikisuguana na shaba huliana. Kaboni ya namna ya grafiti ni laini, hujilainisha yenyewe, na ukinzani wake husaidia kupunguza cheche brashi inapohama kutoka kipande kimoja hadi kingine. Kwa maneno mengine, waundaji wa mota waliamua mapema nani atakayebeba hasara: brashi ya bei ndogo iishe ili komuteta ya bei kubwa ibaki.

KOSA LA MOTA AU LA CHEREHANI?

Kabla ya kufungua skrubu yoyote, plagi itolewe ukutani. Kuzima swichi hakutoshi. Kisha mkanda uondolewe na gurudumu la mkono lizungushwe kwa vidole. Likiwa zito, mota haina kosa bado. Imekuwa ikibebeshwa mzigo usio wake. Sababu ya kawaida ni mafuta. Washonaji wengi, mafuta ya cherehani yakikosekana, hutia mafuta ya kupikia. Mafuta ya alizeti na mengine ya jamii yake huungana na oksijeni ya hewa na hatimaye kuwa gundi ya rangi ya kahawia, nayo hushika vyuma kama ulimbo. Mafuta ya nazi hayawi gundi kwa urahisi hivyo, lakini huganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi. Ni mafuta ya pwani, na katika asubuhi ya baridi ya Iringa au Nyeri cherehani hakigeuki. Dawa ni kuosha viungo kwa mafuta ya taa kidogo, kuvizungusha mpaka uchafu utoke, kupangusa, na ndipo kutia mafuta mepesi ya madini yaliyotengenezwa kwa ajili ya vyerehani. Mafuta ya taa yasifikie mota wala mkanda.

Kwa nini uzito huo huiharibu mota? Rota inapozunguka ndani ya uga wa sumaku, yenyewe pia huzalisha umeme, na umeme huo hupingana na ule unaoingia. Kadiri inavyozunguka kwa kasi ndivyo upinzani huo unavyokuwa mkubwa na mkondo unavyopungua. Mota iliyozuiwa isizunguke haina upinzani wa namna hiyo. Kinachobaki ni ukinzani mdogo wa waya peke yake, na mkondo huingia kama maji yaliyovunja kingo. Hapo ndipo joto linapopanda. Mshonaji anayeendelea kukanyaga pedali huku sindano imekwama katika kitambaa kigumu huweza, kwa muda mfupi tu, kufanya kile ambacho miaka 50 ya kazi haikufanya.

Mkanda nao una lawama yake. Ukikazwa mno huvuta shafti upande mmoja, na bushi inayoishika shafti huliwa kwa upande huo. Ukisukumwa kwa kidole katikati unapaswa kubonyea kiasi cha sentimita 1.

BRASHI NA KOMUTETA

Cherehani kikizunguka kwa wepesi na mota bado ikasita, brashi zitazamwe. Katika mota nyingi hukaa chini ya vifuniko viwili vya skrubu, kimoja kila upande, navyo hufunguliwa kwa bisibisi pana. Vifunguliwe taratibu, kwani springi iliyo chini huweza kuruka na kupotea, na plastiki ya zamani huvunjika upesi. Kila brashi itiwe alama ya upande ilikotoka na jinsi ilivyokuwa imekaa. Uso wa brashi umechongwa na komuteta kwa miaka mingi mpaka ukafuata duara yake. Ukirudishwa kinyume, kaboni hugusa kwa ncha tu, cheche huongezeka, na mtengenezaji hudhani ameongeza ugonjwa.

Mafundi wengi hubadilisha brashi urefu wake unapokaribia milimita 6. Lakini kipimo cha haki zaidi ni springi: je, bado inaisukuma kaboni kwa nguvu, au imefika mwisho wa mkono wake? Brashi ndefu yenye springi iliyoungua na kulegea haifai kitu. Brashi mpya zisipopatikana za namba ileile, huchongwa kutokana na brashi kubwa zaidi kwa kuisugua juu ya msasa laini uliolazwa mezani mpaka iingie katika nyumba yake bila kukaza wala kuchezacheza. Kaboni ya betri kavu, ambayo hutumiwa na baadhi ya watu, haina ugumu wala ulaini unaotakiwa, na huacha vumbi jingi.

Komuteta nzuri haing'ai kama sufuria mpya. Ina rangi ya kahawia nyororo, na rangi hiyo ni utando mwembamba unaosaidia brashi kuteleza. Kuuondoa kwa kuing'arisha ni kazi ya bure. Ikiwa ni nyeusi na ina masizi, ipanguswe kwa kitambaa kisichotoa nyuzi kilicholoweshwa spiriti, huku shafti ikizungushwa kwa mkono. Ikiwa na mikwaruzo midogo, msasa laini sana wa kioo hufaa. Msasa mweusi wa kusugulia chuma usitumike: chembe zake ngumu hujichomeka katika shaba na kuendelea kula brashi. Baada ya hapo vijifereji vilivyo kati ya vipande vya shaba visafishwe kwa kijiti cha mti kilichochongwa. Vumbi la kaboni lililojaa humo hupitisha umeme kutoka kipande hadi kipande, na mota hupoteza nguvu bila sababu inayoonekana.

Cheche ndogo za rangi ya buluu chini ya brashi ni jambo la kawaida. Moto unaoizunguka komuteta yote kama pete si wa kawaida. Vipande viwili jirani vilivyoungua huku vingine ni safi huonyesha koili iliyokatika.

GRISI NA UTAMBI

Hapa ndipo mota nyingi za zamani zilipoharibiwa na watu waliozipenda. Mwenye cherehani huona kijitundu au kibomba kidogo juu ya mota, akakumbuka kwamba chombo chochote kinahitaji mafuta, akatia mafuta ya cherehani mpaka yakajaa. Katika mota za namba 15-91, 201-2 na 221 vibomba hivyo ni vya grisi. Mafuta mepesi hupenya bushi, hutiririka mpaka kwenye komuteta, na kuchanganyika na vumbi la kaboni. Tope hilo hupitisha umeme, huunguza komuteta, na hulainisha vihami, yaani vitu vinavyozuia umeme usipite pasipotakiwa.

Grisi yenyewe pia si grisi yoyote. Katika mota za kufichwa mna utambi ndani ya kila kibomba, unaosukumwa na springi hadi kugusa shafti. Utambi huo hufanya kazi kama ule wa kibatari: hunyonya kilicho kiowevu na kukifikisha panapohitajika. Grisi ikiwa ngumu haipandi wala haishuki. Mota inapofanya kazi hupata joto. Grisi iliyokusudiwa huyeyuka kidogo kwa joto hilo, huingia katika utambi na kulainisha shafti. Mota ikipoa, grisi huganda tena na haivuji. Ni mpango wa akili sana, maana mota hujitilia mafuta yenyewe kwa kadiri ya kazi yake. Grisi za magurudumu ya magari hubaki zimeganda hata joto likipita nyuzi 150, na mota ikifika joto hilo imekwisha kuharibika. Ndiyo maana mota iliyojazwa grisi nzuri ya gari huweza kufa kwa ukavu huku vibomba vyake vimejaa. Kinachotakiwa ni grisi ya mota za vyerehani, ambayo bado inauzwa. Mahali isipopatikana, baadhi ya mafundi hutumia mafuta ya mgando safi yasiyo na manukato, ambayo huyeyuka kati ya nyuzi 40 na 70.

Utambi uliokauka na kuwa kama kijiti hauponi kwa kupakwa juu. Hutolewa, grisi nyeusi ya zamani hukwanguliwa, kisha utambi mpya wa pamba huloweshwa katika mafuta ya mgando yaliyoyeyushwa ndani ya kikopo kilichowekwa kwenye maji ya moto, si juu ya moto wenyewe. Mota za makampuni mengine zilizofungwa kando, zenye bushi za bronzi yenye vinyweleo, huhitaji tone moja au mawili ya mafuta mepesi kwa mwaka. Kijitabu au kibandiko cha mota ndicho kisikilizwe.

MPIRA ULIOKUFA

Waya wa umeme wa miaka ya 1930 au 1940 ulifunikwa kwa mpira asilia na juu yake uzi wa pamba. Mpira huo uliimarishwa kwa salfa. Kwa kuwa salfa hula shaba, waya wa ndani ulipakwa kwanza bati, na hii ndiyo sababu waya wa zamani ukikwanguliwa huonekana mweupe. Lakini hakuna kilichoukinga mpira wenyewe na oksijeni, joto na mafuta. Baada ya miongo kadhaa hukauka ukapasuka kama udongo wa kiangazi, au hulainika ukanata. Waya huo huweza kuonekana mzima mpaka unapokunjwa. Ndipo mpira hudondoka vipande vipande na shaba kubaki uchi, milimita chache kutoka katika mwili wa chuma wa cherehani.

Mwili huo ndio anaoushika mshonaji kwa mikono miwili. Plagi za wakati ule zilikuwa na miguu miwili, bila waya wa ardhi. Waya uchi ukigusa chuma, cherehani chote hupata volti 230 au 240, wala fyuzi haitakatika, kwa sababu umeme hauna njia ya kwenda ardhini. Mtu aliyekaa peku juu ya sakafu ya saruji yenye unyevu ndiye atakayekuwa njia. Mshonaji anayesema kwamba cherehani chake "kinachoma kidogo" siku za mvua asiambiwe avae viatu. Cherehani hicho kisichomekwe tena mpaka nyaya zibadilishwe.

Kubadilisha nyaya ni kazi ya kulehemu isiyo ngumu, ila inataka utulivu. Kabla ya kukata waya wowote, kila ncha ipewe alama na mchoro uchorwe. Katika mota za namna hii upande wa kuzunguka hutegemea jinsi stata ilivyounganishwa na rota. Nyaya za brashi zikibadilishana nafasi, mota itazunguka kinyume, na cherehani hakitashona. Waya mpya uwe mwembamba na wenye kunyumbulika, unaostahimili joto. Maungio yafunikwe kwa mpira unaosinyaa kwa joto, wala si kwa gundi ya karatasi. Waya wa tatu, ule wa ardhi, uungwe kwenye mwili wa chuma kwa skrubu iliyokazwa juu ya chuma kilichokwanguliwa rangi. Nyumba yenye swichi ya usalama inayokata umeme unapovuja imeongeza ulinzi mwingine.

Wanafunzi wasiachiwe kazi hii peke yao katika cherehani kitakachochomekwa ukutani. Fundi wa umeme au mwalimu aliyehitimu aikague. Mita ndogo ya kawaida haitoshi kwa ukaguzi huo, maana hupima kwa volti chache tu, na kihami kilichochoka huweza kushinda mbele ya volti 9 na kushindwa mbele ya 240. Fundi hutumia kipimo cha volti 500, akitaka kuona ukinzani wa omu milioni 1 au zaidi kati ya nyaya na mwili.

PEDALI

Pedali nyingi za zamani zina sahani ndogo za kaboni zilizopangwa kama sarafu. Zikibanwa na mguu hugusana vizuri, ukinzani hupungua, na mota huongeza mwendo. Umeme ambao mota haikupewa hugeuka joto ndani ya pedali, kwa hiyo pedali yenye uvuguvugu si ngonjwa, lakini ile isiyoshikika imebanwa au imejaa vumbi na nyuzi. Baadhi ya pedali na mota zina pia kapasita, kifaa kidogo kilichowekwa ili cheche za brashi zisiingilie redio. Kapasita ya zamani huchakaa na kuanza kupitisha umeme, na hapo huonekana kioja: cherehani huanza kushona peke yake, hakuna mguu juu ya pedali. Vidole vya watoto vimo hatarini. Cherehani cha zamani kisiachwe kimechomekwa ukutani mtu anapoondoka, hata kwa dakika chache.

Vyerehani vinavyoletwa na ndugu kutoka Marekani ni habari nyingine. Huko umeme ni wa volti 120, na mota imeundwa kwa volti 110 hadi 120. Kwa ukinzani uleule, volti zikiwa mara 2 mkondo huwa mara 2, na joto, linalofuata mraba wa mkondo, huwa mara 4. Transfoma ya kushusha volti ni lazima. Kubadilisha plagi tu ndiyo njia fupi kuliko zote ya kufikia neno lile lililotajwa mwanzoni, na safari hii litakuwa kweli.

ILIYOUNGUA KWELI

Mota iliyoungua kweli hujulikana. Vanishi ya koili zake imegeuka nyeusi, harufu yake haitoki, na uzi wa pamba uliofungia koili umekuwa majivu. Penye shaka, mita hupimwa kati ya kipande kimoja cha komuteta na jirani yake, kuzunguka yote. Vipimo vyote hukaribiana katika rota nzima. Kimoja kikishuka karibu na sifuri, koili yake imeshikana. Kimoja kikiruka juu sana, koili yake imekatika. Wakati mwingine iliyokatika ni ncha tu iliyoachia kwenye kipande cha komuteta, na hulehemiwa. Vinginevyo rota hupelekwa kwa fundi wa kusuka mota, ambaye atahesabu mizunguko ya waya wa zamani anapoufumua na kusuka upya kwa waya wa unene uleule. Waya mnene zaidi hautaenea katika nafasi, na mwembamba utaungua mapema.

Mota iliyotengenezwa haichomekwi moja kwa moja. Mafundi wenye busara huunganisha kwa mfuatano nayo balbu ya wati 60 au 100, ya ule mtindo wa zamani wenye uzi unaong'aa. Balbu za kisasa hazifai kwa kazi hii. Pakiwa na shoti, balbu huwaka kwa nguvu zake zote na mota husalimika. Pakiwa pazuri, balbu huwaka hafifu na mota huzunguka polepole. Kisha balbu huondolewa, na mota huendeshwa bila mkanda kwa mwendo wa wastani, dakika chache kwa wakati, ili brashi mpya zijichonge. Isikanyagwe mpaka mwisho katika hali hiyo, kwa kuwa mota ya mfuatano isiyo na mzigo hukimbia kupita kiasi. Harufu kidogo ya grisi inayoyeyuka si ya kuogopesha. Mkono uwekwe juu ya mwili wa mota: ukiweza kukaa hapo bila kuondolewa kwa joto, mkanda urudishwe na kitambaa kiwekwe. Baada ya wiki mbili za kazi brashi zitolewe tena na kutazamwa. Uso unaong'aa wote umekaa sawa. Unaong'aa nusu bado unajichonga, nao urudishwe palepale ulipotoka, kwa alama ileile.